Siku Fanueli Alipovua Kofia

Habari hii alinipa Mjomba Idarusi mwenyewe, Ramadhani ya mwaka 1971, alasiri tatu mfululizo, tukingoja adhana ya magharibi. Yeye kajinyoosha juu ya kitanda cha kamba ukumbini, mguu mmoja umeshamkatalia kazi, na mimi napeta mchele. Bi Mwanasiti, mkaza mjomba wangu, alikuwa jikoni na futari yake, na kila mumewe alipotia chumvi alimrudisha kutoka hukohuko: "Sema kweli, mwanamume we, umefunga!" Kwa hiyo haya ninayoandika yamepita kwa watu wawili, mmoja wa kuyasema na mmoja wa kuyapunguza.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1956. Mjomba alikuwa fundi cherehani pale Chumbageni, mashine yake kaiweka barazani kwa duka la Shamsuddin. Mchana anashona kanzu na kaptula. Jioni, mashine ikishafunikwa, anaingia ua wa nyuma ya duka kufundisha kirumbizi.

Wajukuu zangu hawakijui kirumbizi, basi nieleze. Ni mchezo wa fimbo. Wanaingia watu wawili uwanjani, kila mmoja bakora mkononi na kofia kichwani. Ngoma inalia, zumari linalia, na wao wanazungukana kwa mwendo wa ngoma, wanaviziana. Kinachotafutwa si mtu, ni kofia yake. Mshindi ni yule atakayeing'oa kofia ya mwenzake kwa ncha ya bakora bila kumkwaruza. Ukigusa ngozi umekosea. Ukitoa damu umefedheheka, wewe na aliyekufundisha.

"Kupiga hata punda anajua," Mjomba alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. "Kwangu hukuja kujifunza kupiga. Umekuja kujifunza kuusimamisha mkono ukiwa njiani."

Shamsuddin alikuwa akichungulia kwa wasiwasi, maana dirisha lake la nyuma lilikuwa la kioo. "Idarusi, kioo changu hakina kofia! Msikifuate!"

"Na wewe njoo ucheze, tumbo lipungue."

"Tumbo hili ndilo tangazo la duka. Mwenye duka akikonda, nani atauamini unga wake?"

Basi Jumamosi moja alikuja mwanamume Mshambaa, Fanueli jina lake, pamoja na mkewe Bertha. Kwao Lushoto, watu wa Kilutheri, lakini kazi imewashusha chini kwenye mashamba ya mkonge. Walikuja kushonesha suruali ya kanisani. Mjomba akampima, akamwambia subiri kidogo, mimi nina darasa. Fanueli akasimama mlangoni mwa ua, akatazama. Mjomba aliporudi kwenye mashine, mgeni akasema kwa upole sana, kama mtu anayetubu:

"Shikamoo tena, fundi. Samahani. Yule wa kushoto anafumba macho kabla ya kupeleka fimbo."

Mjomba akaacha kukanyaga mashine. Yule wa kushoto alikuwa amemsumbua miezi mitatu, kila pigo lake linakwenda upande, na yeye mwalimu hakuwa amejua sababu. Akageuka, akatazama. Kweli! Anafumba!

"Wewe kazi yako nini?"

"Nakata mkonge."

"Unakataje?"

Fanueli akaeleza. Jani la mkonge unalikata chini kabisa, kwa kisu kimoja, mara moja. Ukilikata juu umeliharibu, ukilikata chini mno umelijeruhi shina, na nyapara anapita nyuma yako kutazama. "Kwa hiyo mkono unakwenda kwa nguvu zote," akasema, "halafu unakaa."

"Unakaa!" Mjomba alinipigia kelele hata nikamwaga mchele. "Kaniambia unakaa! Mimi miaka kumi na tano nawaimbia watoto wa Chumbageni neno hilohilo, na huyu kashuka nalo kutoka milimani kama mzigo wa viazi!"

Akachukua kikombe cha chai, akakigeuza juu ya mbao ya mashine, akakiwekea kibiriti juu. Akampa Fanueli ile fimbo ndefu ya kupimia vitambaa. "Toa kibiriti. Kikombe kisilie."

Fanueli akamtazama mkewe. Bertha akasema, "Usivunje kikombe cha watu." Fimbo ikapita, fyu! Kibiriti kikaruka hadi ndani ya duka, kikaangukia gunia la dengu. Kikombe kimya. Wala hakikutingishika.

"Nywele zilinisimama," Mjomba akasema.

"Ulikuwa na upara," akasema Bi Mwanasiti kutoka jikoni.

Toka siku hiyo, kila Jumapili baada ya kanisa, Fanueli alikuwa akitembea kutoka shambani hadi Chumbageni kufundishwa. Mjomba alimpa bakora na kofia nyeupe ya kuchezea, ambayo akimaliza anaivua na kuitundika msumarini. Akamfundisha miguu, akamfundisha bega, akamfundisha kusikiliza zumari, kwamba fimbo haipelekwi zumari likivuta pumzi. Kila kitu alikishika. Mjomba alikuwa akirudi nyumbani akizungumza peke yake njiani kwa furaha. Mwalimu akipata mwanafunzi wa namna hiyo, aliniambia, anaanza kujifunza upya kazi yake mwenyewe. Kitu unachokifanya bila kufikiri, yeye anakuuliza kwa nini, na wewe unakaa usiku mzima unatafuta kwa nini.

Lakini uwanja una wenyewe. Mshika uwanja wa Chumbageni alikuwa Mzee Sadalla, mtu mkavu, mwenye ndevu kama uzi wa katani. Habari zikamfika, akamwita Mjomba barazani mbele ya wazee wenzake.

"Idarusi, fimbo hii tumeachiwa na babu zetu. Unaitoaje nje?"

"Sikuitoa nje, mzee. Mtu kaingia ndani."

"Si wa mji huu, si wa dini hii. Mcheza anaingia uwanjani na nguvu zake na hasira zake. Huyu tutamjuaje? Siku atakayompasua mtu, aibu itakuwa ya nani?"

Mjomba damu ikamchemka. Alikuwa mtu mwema, lakini ukimgusia mwanafunzi wake ndipo unaigusa mboni ya jicho lake. Akasimama, akasema mbele ya wote: "Idi inayokuja Fanueli ataingia uwanjani. Na damu ikitoka kwa ajili yake, iwe yake, iwe ya mwenzake, hata tone moja, nitaikata bakora yangu mbele yenu na sitamfundisha tena mtu yeyote maisha yangu yote."

"Tumesikia," akasema Mzee Sadalla.

"Na mimi nilisikia," Bi Mwanasiti akaikatiza hadithi, akatoka jikoni na mwiko mkononi kabisa. "Nilisikia kisimani! Mume wangu kaweka rehani kitu pekee kinachomfanya aamke akicheka, na mimi naambiwa na wachota maji!"

Mjomba akamtazama mkewe hadi aliporudi jikoni. Kisha akaniambia taratibu, "Hapo hakuongeza chumvi."

Idi ikafika, mwezi wa tano, masika hayajaisha lakini siku ile jua lilitoka kama limealikwa. Watu wa Mabawa, mtaa mwingine wa mji wetu, walikuja na ngoma zao na mchezaji wao, Jumbe. Huyu Jumbe alikuwa mpakuzi wa bandarini, kifua kama mlango, na miaka ishirini kofia yake haikuwa imeng'olewa na mtu. Hakuwa mbaya. Alikuwa na sifa, na mwenye sifa hapendi kuchezewa.

Upande wa wanawake, Bi Mwanasiti alimshika Bertha mkono akamweka karibu yake. Bertha alikuwa kavaa vizuri, na shati jeupe la mumewe kalipiga pasi hadi likasimama lenyewe.

"Usiogope, mwanangu. Ni mchezo."

"Siogopi fimbo, Mama. Naogopa asinitie aibu. Nimemwambia leo asubuhi, ukifika mbele ya wazee wa watu, uwape heshima zao."

"Umesema vyema."

Zumari likaanza. Jumbe akaingia kwa madaha, akacheza hatua tatu, akawasalimu wazee. Vigelegele kutoka Mabawa. Kisha akaitwa Fanueli. Akaingia kwa miguu ile aliyofundishwa, mizuri, hata watu wakaguna. Akaenda hadi mbele ya viti vya wazee. Akasimama. Akainua mkono, akaivua kofia yake, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamooni, wazee wangu." Kisha, kofia ikiwa mkononi, akamgeukia Jumbe akamwinamia na yeye.

Zumari likakatika katikati. Ngoma zikanyamaza moja moja.

"Kuna nini?" Bertha akauliza. "Mbona kimya?"

"Amevua kofia!" Bi Mwanasiti kafumba mdomo kwa kanga.

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemwambia. Kanisani kwetu mwanamume haingii na kofia, na kwa wazee vilevile. Si ndiyo heshima?"

"Ewe Mola," akasema Bi Mwanasiti. "Ewe Mola wangu."

Maana katika uwanja wa kirumbizi, mwanamume akivua kofia mbele ya mwenzake, anamwambia maneno mazito kuliko matusi. Anamwambia: mimi sichezi, nimekuja kupigana. Kichwa changu hiki hapa wazi, kipasue ukiweza. Asiye na kofia hana cha kung'olewa, kwa hiyo hashindwi ila kwa damu. Mara ya mwisho kutokea Chumbageni, Mjomba mwenyewe alikuwa mtoto wa kubebwa mabegani, na mtu mmoja alitoka uwanjani bila jicho.

Watu wa Mabawa wakainuka. "Ala! Katuvulia kofia!" "Jumbe, umetukanwa!" "Mpe anachokitaka huyo!"

Jumbe hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee Sadalla, mmeona wenyewe. Mimi nilikuja kucheza."

Mjomba akakimbia hadi katikati. "Hakujua! Jamani, hakujua! Kwao ni heshima!"

Mzee Sadalla akamtazama juu hata chini. "Si ulituambia umemfundisha?"

Hapo Mjomba alipofika katika habari yake, aliketi kitandani, akajipiga kifuani kwa kiganja. "Mwanangu, lile neno liliniingia kama sindano ya gunia. Nilimfundisha! Mwaka mzima! Miguu, bega, pumzi. Lakini la kofia sikumfundisha, kwa kuwa na mimi hakuna mtu aliyenifundisha. Nilizaliwa nikalikuta. Nani anamfundisha mtu kwamba maji yanalowesha? Siku ile ndipo nilipojua kwamba mwalimu anafundisha yale aliyofundishwa tu, na yale makubwa zaidi, yaliyomo ndani ya mifupa yake, anayasahau kabisa. Mgeni ndiye anayekuonyesha."

Mzee Sadalla akatoa hukumu kama ilivyo desturi. "Anaweza kuivaa. Akiivaa, ametoka, mchezo ni wa Mabawa, na yeye hatakanyaga tena hapa, wala mgeni mwingine. Asipoivaa, Jumbe ana ruhusa ya kichwa chake. Na ahadi yako, Idarusi, iko palepale."

Kabla ya mchezo, mwalimu ana haki moja. Anamfunga mwanafunzi wake masombo, kile kitambaa cha kiunoni. Muda wa kufunga kitambaa ndio muda wote alioachiwa Mjomba. Akapiga magoti.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Wewe hujakosa, nimekosa mimi. Sikiliza haraka." Akamwambia yote, bila kumficha, maana kichwa ni chake. Kwamba kofia ile imeomba damu. Kwamba Jumbe atakuja kumpasua. "Ivae, Fanueli. Ivae twende nyumbani. Bertha yuko pale."

"Na wewe?"

"Mimi nitaendelea kufundisha watoto wa hapahapa. Ivae."

Fanueli akafikiri. Mjomba alisema alikuwa akifikiri kama anavyolitazama jani, anatafuta pale pa kukata. "Mwalimu, kichwa wazi kinampa yeye ruhusa ya kunipiga mimi."

"Ndiyo."

"Kinanilazimisha mimi kumpiga yeye?"

Mjomba akashika fundo la masombo, halijafungwa. Miaka hamsini ya mchezo ule, yeye na baba yake, hakuna mtu aliyepata kuuliza hivyo.

"Hapana," akasema. "Hapana! Hakikulazimishi kitu!"

"Basi mimi nitacheza kama ulivyonifundisha. Nishikie kofia."

Mjomba akakaza fundo, akainuka na ile kofia nyeupe mkononi. Akarudi nyuma, akaketi chini.

Ngoma zikaanza upya, safari hii za Mabawa, nzito. Jumbe akaja moja kwa moja, hakuzunguka. Bakora ikainuka, ikashuka kwa upande, ile ya kupasua. Bertha akapiga ukelele. Fyuu! Imepita juu! Fanueli hakuinama hata kidogo, yuko palepale kasimama, nywele zake zimepepea tu.

Watu: "Aaa!"

Jumbe akajizungusha, akapeleka ya pili. Fyuu! Juu tena!

"Amekosa!" "Jumbe amekosa!" "Jumbe hakosi, wewe! Anamchezea!"

Lakini Mjomba aliona uso wa Jumbe, na Jumbe hakuwa akichezea mtu. Alishangaa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ya tatu ikaja, na Mjomba akatazama ncha ya bakora tu, wala hakumtazama mtu, na akaona. Ilipita vidole vinne juu ya nywele. Vidole vinne kamili, mara zote tatu, kama imepigiwa mstari.

"Kofia!" Mjomba akapiga kelele pale chini alipoketi. "Mkono unatafuta kofia!"

Ndivyo ilivyokuwa! Miaka ishirini mkono wa Jumbe ulikuwa umekwenda mahali pamoja, pale juu, inapokaa kofia ya mtu. Yeye ana hasira, anataka kichwa, lakini mkono hauna habari ya hasira zake. Mkono umefundishwa kuacha ngozi, unaiacha. Ungempiga mtu mwenye kofia, ingekuwa imeruka hadi barabarani. Kwa huyu hakuna kofia, imebaki hewa. Mzee mmoja wa Chumbageni akaelewa, akacheka. Wa pili akacheka. Mara kicheko kikazunguka uwanja mzima kama moto wa makuti. Shamsuddin alikuwa amesimama juu ya kiti alichokibeba dukani, akipiga makofi: "Anapiga mbu! Jumbe anatuulia mbu!"

Jumbe akasikia. Akauma meno. Safari hii akaulazimisha mkono ushuke, kwa nguvu zote za mpakuzi, na bakora ikaja chini kweli. Fanueli akainua mkono wake wa kushoto. Pigo likamkuta kwenye kigasha, chini ya kiwiko, pwaa! Kila mtu alilisikia. Bertha akafumba macho. Lakini ili kuishusha bakora namna ile ilibidi Jumbe ainame, na alipoinama kichwa chake kikaja mbele, na kofia yake ya viua ikasimama mbele ya Fanueli kama jani lililosimama mbele ya kisu.

"Mpasueee!" wakapiga kelele watoto wa Chumbageni.

Mkono wa Fanueli ukaondoka kwa nguvu zote. Mjomba hakupumua. Ukaenda, ukaenda, halafu ukakaa. Kofia ya Jumbe ikaruka juu ikizunguka, ikapita vichwa vya wapiga ngoma, ikaangukia mapajani mwa Mzee Sadalla. Jumbe akajishika kichwani. Hakuna kitu. Wala unywele mmoja haukukatika.

Kelele zilizopigwa, Mjomba alisema, zilisikika Horohoro mpakani. "Zilisikika Mabawa," akasema Bi Mwanasiti, "na Mabawa inatosha."

Lakini Mzee Sadalla akainua mkono. "Tulieni! Bado." Akainuka na kofia ya Jumbe, akamwendea Fanueli. "Mkono."

Hapo furaha yote ikasimama kama maji kwenye mtungi. Ile ahadi ilisema damu ya mtu yeyote, hata tone. Fanueli akanyoosha kigasha. Kilikuwa kimevimba kama yai la bata, chekundu, kinang'aa. Mzee Sadalla akakigeuza huku, akakigeuza huku. Akalamba kidole gumba chake, akakipitisha juu ya uvimbe taratibu, kutoka kiwiko hadi kiganja. Kisha akakiinua kidole chake juani, akakitazama. Mjomba alikuwa ameshaitoa bakora yake na kuilaza magotini, tayari.

Mzee akakipangusa kidole kwenye kanzu yake nyeupe ya Idi. Kanzu ikabaki nyeupe.

"Hakuna damu," akasema.

Bi Mwanasiti anasema mumewe alilia. Mjomba anasema ni vumbi. Mimi nilimwona akilia na 1971 vilevile, akisimulia, na ukumbini hamkuwa na vumbi.

Jumbe alimjia Fanueli, kichwa wazi na yeye sasa, watu wote wakashika roho. Akasimama mbele yake. "Ati huko kwenu mlimani," akasema, "hii ndiyo heshima?"

"Ndiyo, kaka."

"Mnavua kofia kwa heshima?"

"Ndiyo."

Jumbe akatingisha kichwa, kisha akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha bandarini. "Basi mimi leo nimekuheshimu kuliko mtu yeyote tangu nizaliwe, na sikutaka!" Akamgeukia Mjomba. "Na wewe fundi, mkono wangu umenikataa mbele ya mji mzima. Nitauleta kwako Jumapili uuseme."

"Ulete," akasema Mjomba. "Hauna kosa. Aliyekufundisha alikufundisha vizuri kuliko ulivyotaka."

Mzee Sadalla alikuwa bado kasimama. Alikohoa. Mtu mkavu hawezi kulowa kwa siku moja, lakini alisema hivi, na wazee wote wakasikia: "Idarusi. Huyo mgeni wako mwingine, kama yupo, mfundishe na kofia."

Siku ile walikula pilau kwa Mjomba, watu hata hawakuhesabika, na Shamsuddin alileta tende na akasimulia habari ya mbu mara saba, kila mara mbu wanazidi. Fanueli na Bertha hawakuweza kurudi shambani, mkono ulikuwa umewaka moto. Bi Mwanasiti akaukanda kwa maji ya chumvi na majani ya mbaazi, huku Bertha akimwomba radhi kila baada ya dakika. "Mama, mimi ndiye niliyemponza." "Wewe ndiye uliyemshindisha, nyamaza, shika bakuli." Baada ya sala ya isha wanawake wakaingia chumbani, wakazungumza kidogo, wakacheka kidogo, wakanyamaza.

Wanaume walilala ukumbini, Fanueli juu ya mkeka, Mjomba juu ya kitanda chake cha kamba. Haya ya mwisho Fanueli ndiye aliyeyasema asubuhi yake, mbele ya chai, na Mjomba hakuyakana.

Taa ilipozimwa tu, Mjomba akasema, "Fanueli."

"Naam, Mwalimu."

"Nilikwambia kwamba bakora ikiwa chini hairukwi? Inazungukwa?"

"Hukuniambia."

"Basi hairukwi. Inazungukwa. Lala."

Kitanda kikalia.

"Fanueli! Bakora haipokelewi kwa mkono wa kushoto."

"Vyema, Mwalimu."

"Lala sasa, mkono upoe." Kisha, "Fanueli, na mpiga zumari hapitwi kwa nyuma. Kwa nyuma mbaya sana. Nilikwambia?"

"Hapana, Mwalimu."

"La haula! Na hilo nalo!" Mjomba akaketi kabisa gizani. Alikuwa kama mtu aliyefungua sanduku la marehemu, kila akitia mkono anatoa kitu. Mengine hakuwa ameyasema kwa mdomo wake tangu azaliwe. Kwamba mwenye ndui haguswi bakora yake. Kwamba ukitangulia kufika uwanjani husimami upande wa jua, unamwachia mgeni achague. Kwamba ukishindwa unacheka wewe kwanza. "Hili zuri hili," akasema, "hili sijui nani aliniambia. Hakuna aliyeniambia! Limo tu!" Na kila moja Fanueli alilirudia kwa sauti, amelala chali, mkono wake umefungwa kanga ya Bi Mwanasiti, hadi sauti ya Mjomba ikaanza kuwa nzito.

"Fanueli."

"Naam."

"Ukiingia uwanjani... sikiliza, hili kubwa... siku zote ingia na mguu wa..."

Fanueli akangoja. "Mguu upi, Mwalimu?"

Mjomba akakoroma.

Fanueli akakaa anafikiri. Akajaribu kukumbuka leo aliingia na mguu upi, akausogeza wa kulia palepale kwenye mkeka, akausogeza wa kushoto, akaona yote miwili inafaa. Nitamuuliza asubuhi, akasema moyoni, nimuulize na kwa nini. Akajifunika shuka, na yeye akalala.